Kurekebisha blo-ofu isiyo ya kiwandani kwenye gari la tabo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu injini za petroli zenye tabo (feni inayoendeshwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa kwenye injini), na blo-ofu inayoendeshwa kwa mpira wa vakyumu, iwe ina skrubu ya kukazia springi au springi za kubadilisha. Presha imeandikwa kwa bar (bar 1 ni karibu psi 14.5). Geji nyingi husoma vakyumu (presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje) kwa inchi za zebaki. Inchi 20 ni karibu bar 0.68 chini ya presha ya hewa ya nje.

Blo-ofu inafanya kazi gani hasa?

Ukiachia pedali ya mafuta ghafla, kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) kinajifunga lakini tabo bado inazunguka kwa kasi na inaendelea kusukuma hewa. Hewa ikikosa pa kwenda inarudi kinyumenyume kupitia feni ya kompresa. Blo-ofu inakaa kwenye paipu kati ya tabo na throto ili hewa hiyo ipate pa kutokea.

Nguvu tatu zinashindana ndani yake. Presha ya paipu inasukuma pistoni (au kiwambo cha mpira) kutoka chini. Juu yake kuna presha au vakyumu ya menifoldi (njia za hewa kati ya throto na silinda), inayofika kwa mpira mwembamba. Halafu kuna springi inayoifunga. Unapozungusha skrubu unabadilisha springi peke yake. Hizo mbili nyingine zinaamuliwa na injini, kwa hiyo lazima uzijue kabla ya kushika spana.

Gari langu lina busti (presha ya hewa ya tabo) ya bar 1. Nikaze springi kiasi gani ili busti isiifungue?

Swali lenyewe limeanzia pabaya, na marekebisho mengi yanaharibikia hapa. Springi haipambani na busti. Ukiwa umekanyaga mafuta, busti ileile inayosukuma kutoka chini inafika pia juu ya pistoni kupitia mpira wa menifoldi, na pande mbili hizo karibu zinalingana. Springi hurekebishwa kwa kufuata vakyumu ya sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta.

Tazama hesabu. Chukua valvu yenye kipenyo cha milimita 50, juu na chini eneo sawa: ni karibu sentimita za mraba 19.6. Tuseme imefungwa karibu na tabo, kabla ya intakula (kipozea hewa ya tabo), na intakula inapoteza bar 0.2. Pedali ya mafuta ikiwa chini kabisa, paipu ina bar 1.2 na menifoldi ina bar 1. Tofauti ni bar 0.2, yaani springi inahitaji kushikilia kama kilo 4 tu. Sasa injini ikiwa sailensi na vakyumu ya bar 0.6, valvu inavutwa kufunguka kwa karibu kilo 12. Na ukiachia mafuta kwenye busti kamili, paipu ina bar 1 na zaidi huku menifoldi imeshuka hadi bar 0.6 chini ya hewa ya nje. Tofauti ni bar 1.6, ambayo ni kama kilo 32 za kuifungua.

Springi ya kilo 12 au 13 inatosha kwa hali zote tatu. Haifunguki kwenye sailensi, haivuji kwenye busti, na inafunguka bila ubishi ukiachia mafuta. Ukiikaza hadi kilo 28 "kwa usalama", kwenye busti kamili itafunguka kwa shida. Ukiachia mafuta kwenye busti ya bar 0.4, ambako kuna kilo 20 tu za kuifungua, haitafunguka kabisa.

Kwa hiyo nikiongeza busti sihitaji kurekebisha tena?

Kwa kawaida huhitaji. Kinachokulazimisha kurekebisha upya ni mabadiliko ya vakyumu ya sailensi: kamshafti kali (inayoacha valvu za injini wazi kwa muda mrefu zaidi), kupandisha au kushusha mzunguko wa sailensi, au uvujaji ulioziba. Injini yenye kamshafti za kawaida na afya nzuri husoma inchi 16 hadi 21 kwenye usawa wa bahari. Yenye kamshafti kali inaweza kushuka hadi inchi 10 au chini ya hapo, na springi iliyokuja na blo-ofu itakuwa ngumu mno kwake.

Mwinuko nao una kauli. Kila mita 300 za kupanda zinapunguza karibu inchi 1. Gari lililorekebishwa pwani likihamia nyanda za mita 1,500 litakuwa na vakyumu pungufu kwa kama inchi 5, na springi itaonekana ngumu ingawa hakuna aliyeigusa.

Nahitaji vifaa gani?

Geji ya vakyumu (geji ya busti inayosoma pande zote mbili inatosha), spana ya nati ya kufungia, ufunguo wa pembe sita unaoingia kwenye skrubu, klipu mpya za mpira mwembamba, maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, na kalamu ya kuweka alama. Ukipata pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji yake, kazi itakuwa safi zaidi.

Nikague nini kabla ya kugusa skrubu?

Uvujaji. Paipu ya intakula iliyolegea, gasketi ya blo-ofu iliyokaa upande, au mpira wa vakyumu uliopasuka vinaleta dalili zilezile za springi mbaya, na hakuna kiasi cha kuzungusha skrubu kitakachoziponya. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa imepigwa presha, au tumia mashine ya moshi.

Hakikisha pia plagi ni nzima na sailensi imetulia. Gari lenye misi (silinda inayokosa kuwaka) lina geji ya vakyumu inayocheza, na huwezi kurekebisha kwa sindano inayocheza.

Mpira wa vakyumu uchukuliwe wapi?

Kwenye menifoldi ya hewa, baada ya throto, moja kwa moja. Uwe na upana wa ndani wa milimita 4 hadi 6, mfupi kadiri inavyowezekana, usiokunjika na usiopita juu ya eksozi. Usigawane na regulata ya presha ya mafuta wala geji; kila tawi linachelewesha ishara, na blo-ofu inayochelewa haina maana, kwa sababu kazi yake yote inaisha ndani ya sehemu ya sekunde.

Sehemu mbili huwachanganya watu. Ya kwanza ni mpira wa busta ya breki. Una valvu ya njia moja, na ukiunganisha upande wa busta vakyumu itanaswa humo na blo-ofu itabaki wazi hata ukikanyaga mafuta. Ya pili ni kichomozi kwenye kompresa ya tabo, kile kinachoendesha westigeti (valvu inayodhibiti kiwango cha busti). Pale kuna busti tu, hakuna vakyumu, kwa hiyo blo-ofu haitapata ishara ya kufunguka inapotakiwa.

Blo-ofu iwe wazi au imefungwa kwenye sailensi?

Inategemea hewa inatokea wapi na kompyuta inaipimaje.

Kama inapumulia nje na gari lina sensa ya MAF (inayopima kiasi cha hewa inayoingia) karibu na chujio la hewa, lazima iwe imefungwa. Ikibaki wazi, hewa isiyopimwa inaingia kupitia mlango wake, mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi, sailensi inapanda na kushuka, na msimbo wa hitilafu P0171 (mchanganyiko mwepesi) unaweza kutokea.

Kama inapumulia nje na gari linatumia sensa ya MAP (inayopima presha ya menifoldi) bila MAF, kompyuta haitajali sana. Bado ifunge. Mlango ulio wazi hauna chujio, na vumbi linalopita hapo linaishia kwenye silinda.

Kama hewa inarudishwa kwenye paipu ya kuingilia tabo, baada ya MAF, iwe wazi au iwe imefungwa ni sawa. Valvu nyingi za kiwandani za aina hii hukaa wazi kwenye sailensi makusudi. Hapo unaweza kuchagua springi laini zaidi, na gari litakuwa tulivu zaidi kwenye foleni.

Nirekebishe kwa hatua gani?

Washa injini hadi ifike joto lake la kazi, zima eyakondishena na taa, kisha soma vakyumu ya sailensi na uiandike. Zima injini.

Legeza nati ya kufungia. Kaza skrubu hadi mwisho bila kulazimisha, halafu ilegeze hadi mwisho mwingine ukihesabu mizunguko. Usiitoe kabisa, kwenye baadhi ya blo-ofu springi itaifuata. Sasa unajua masafa yako, tuseme mizunguko 8, na una pa kurudia ukipotea.

Iache kwenye upande laini na uwashe injini. Shika kipande kidogo cha karatasi kwa vidole mbele ya mlango wa kutokea hewa, usikiachie. Blo-ofu ikiwa wazi karatasi itavutwa au kutikiswa, na kwa kawaida sailensi yenyewe inabadilika. Kaza nusu mzunguko, subiri sekunde 10 kompyuta itulie, angalia tena. Endelea hivyo mpaka karatasi itulie. Ukifika hapo ongeza nusu mzunguko tu kisha ufunge nati huku ukiishikilia skrubu isizunguke nayo. Weka alama ya kalamu kwenye skrubu na kifuniko.

Kwa blo-ofu inayorudisha hewa, chomoa mpira wa kurudishia upande wa blo-ofu wakati wa jaribio la karatasi, na uzibe tundu lililobaki kwenye paipu ya kuingilia. Usisahau kuirudisha.

Na nikiwa na pampu ya mkono?

Fungua blo-ofu uiweke mezani. Unganisha pampu kwenye kichomozi cha juu na uvute hadi vakyumu uliyoisoma kwenye sailensi. Chini ya pistoni kuna hewa ya kawaida, hali inayokaribiana sana na ya injini ikiwa sailensi. Zungusha skrubu hadi pistoni ianze kunyanyuka ukizidisha kidogo tu, kama inchi 1 au 2 juu ya kipimo chako. Utaiona kwa macho ikiachana na kiti chake kwa upana wa ukucha. Tunaipendelea njia hii kuliko karatasi, kwa sababu hapo hapo unaona pia kama pistoni inakwama na kama inarudi sawasawa.

Jaribio la barabarani lifanyweje?

Kwenye eneo lililo wazi na lisilo na magari, gia ya tatu. Anza na busti ndogo, kama bar 0.3, uachie mafuta. Rudia kwenye bar 0.6, mwishowe kwenye busti kamili. Mtu wa pili aangalie geji, macho yako yabaki barabarani. Unatafuta pumzi moja safi kila mara, busti inayofika kiwango chake cha zamani, na sailensi inayotulia bila kudondoka ukikanyaga klachi.

Ikikoroma (sauti ya "tu-tu-tu") kwenye busti ndogo, legeza robo hadi nusu mzunguko. Mzunguko wa injini ukidondoka karibu na kuzima, kaza robo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Inatoa sauti ya "tu-tu-tu" badala ya "pshhh". Ni mbaya?

Sauti hiyo ni hewa inayorudi kupitia feni ya kompresa kwa mapigo. Ikitokea kidogo kwenye mizunguko ya chini na busti hafifu, madhara yake ni madogo. Ikitokea kwenye busti kamili, kila pigo linasukuma shafti ya tabo mbele na nyuma dhidi ya bearingi yake ya msukumo, na bearingi hiyo ndiyo inayolipa. Wapo wanaokaza springi makusudi ili waipate sauti hiyo; ni gari lao na ni tabo yao.

Kama umelegeza hadi mwisho na bado inakoroma, springi ni ngumu kwa injini yako, au mpira wa vakyumu ni mrefu au mwembamba, au valvu ni ndogo kwa kiasi cha hewa unachosukuma.

Sauti nayo haipimi ubora wa marekebisho. Blo-ofu iliyorekebishwa vizuri na kurudisha hewa ndani inaweza isisikike kabisa madirisha yakiwa yamefungwa.

Nikiachia mafuta gari linatoa moshi mweusi na wakati mwingine linazima. Nikaze springi?

Kukaza kutapunguza tu. Chanzo ni MAF: hewa uliyoitupa nje ilishapimwa, na kompyuta inaendelea kuihesabu wakati haipo tena. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa muda mfupi, plagi zinashika masizi, msimbo P0172 (mchanganyiko mzito) unaweza kuonekana, na mafuta yasiyoungua yakifika kwenye katalista (kisafisha moshi cha eksozi) yanaipasha joto kupita kiasi.

Tiba ni kurudisha hewa ndani, baada ya MAF. Kuna blo-ofu zinazogawa, sehemu nje na sehemu ndani. Zinapunguza tatizo bila kuliondoa. Njia nyingine ni kuhamishia MAF kwenye paipu karibu na throto, baada ya blo-ofu, ili ipime hewa iliyobaki tu. Njia hiyo ina gharama zake: si kila MAF inavumilia joto na presha ya pale, na mara nyingi kompyuta inahitaji kupangwa upya.

Tangu niifunge, gari halina nguvu na kuna msimbo P0299.

Msimbo huo ni wa busti pungufu. Anza na gasketi au oringi ya flanji, kisha klempu ulizozigusa wakati wa kufunga, kisha mpira wa vakyumu. Mpira ukichomoka, juu ya pistoni hakuna presha ya kuisaidia springi, na busti inaifungua valvu ukiwa umekanyaga. Kwa mfano wetu wa kilo 13, hilo linaanza kama kwenye bar 0.65. Kwa hiyo gari linalovuta vizuri hadi karibu bar 0.6 kisha likagoma linakuonyesha pa kutazama.

Kiwambo kilichopasuka kina dalili zinazofanana. Vuta vakyumu kwa pampu: kiwambo kizima kinaishikilia. Aina ya pistoni hupoteza polepole, na hilo ni la kawaida kwake.

Nimepima uvujaji kwa kompresa ya hewa, na blo-ofu inavuja. Imekufa?

Si lazima. Ukipuliza paipu throto ikiwa imefungwa, presha iko chini ya pistoni lakini bado haijafika juu. Bar 0.7 kwenye valvu ya milimita 50 ni kama kilo 14, na springi ya kilo 13 itasalimu amri kama inavyotakiwa. Fungua kipepeo cha throto ili menifoldi ijae, kisha sikiliza tena. Legeza kifuniko cha oili, kwa sababu hewa itapita kwenye silinda na kuingia kwenye kasha la injini, na usivuke bar 0.7 kwa jaribio hili.

Blo-ofu yangu haina skrubu.

Baadhi zimeundwa hivyo. HKS SSQV, kwa mfano, inafanya kazi kwa tofauti ya presha na haina skrubu ya kurekebisha. GReddy Type RS ina skrubu juu. TiAL Q inarekebishwa kwa kuchagua springi inayolingana na vakyumu ya sailensi. Nyingine zinapokea washa nyembamba chini ya springi. Ukiongeza washa, hakikisha pistoni bado inafunguka hadi mwisho. Springi iliyobanwa kupita kiasi inagusana pete kwa pete na kuzuia njia.

Kwenye injini nyingi za TFSI (petroli zenye tabo) za Volkswagen na Audi, valvu ya kiwandani inafunguliwa kwa umeme na kompyuta. Ukiweka blo-ofu ya springi pale, soma kwanza maelekezo ya kifaa chenyewe kuhusu ishara inakotoka, kwa maana hesabu za hapa zinahusu ishara ya menifoldi.

Naweza kuifunga kwenye dizeli?

Dizeli haidhibiti mwendo kwa throto. Ukiachia mafuta, hewa inaendelea kupita kwenye injini, hivyo hakuna presha inayonaswa wala vakyumu ya kuifungua valvu. Vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa dizeli vinatupa busti nje kwa ajili ya sauti tu.

Isafishwe mara ngapi, na kwa nini?

Aina ya pistoni, kila unapobadilisha oili mara mbili hivi, au mapema ukiona inachelewa kufunga: unabadilisha gia, unakanyaga, na busti inakuja kwa kusitasita. Mvuke wa oili kutoka kwenye mfumo wa kupumulia injini unaganda na vumbi kwenye kuta na pistoni inaburuzika.

Toa pete ya kufungia ukiwa umebana kifuniko kwa kiganja, kwa sababu springi ina haraka ya kutoka. Futa pistoni na ukuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Dawa ya kusafishia kabureta iweke mbali na oringi na kiwambo, inavimbisha mpira. Paka tone la oili nyepesi au grisi laini ya silikoni, utando tu. Grisi nzito inaifanya pistoni iwe mvivu hasa asubuhi ya baridi, na mtu anaishia kulegeza springi kutibu kosa la grisi. Kabla ya kuifungua, pima urefu wa skrubu iliyojitokeza juu ya nati, ili ukirudisha usianze upya.